Majina Ambayo Jalada Halikuyaandika

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokuja kuwasindikiza wazazi: shikamooni, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie nyimbo za zamani za Marekani na Ulaya, zile tulizozifahamu kwanza redioni, zikaja kwenye kanda, zikahamia disko, na sasa wajukuu wanatutafutia kwenye simu. Ningeweza kusimama hapa nikataja waimbaji tu: Jim Reeves, Percy Sledge, Otis Redding, ABBA, Boney M. Kila jina lingepigiwa makofi na jioni ingekwisha vizuri. Lakini waimbaji wameshapata heshima yao kwa miaka yote hii. Leo nataka tuwataje wapigaji, kwa sababu naamini tumewapenda miaka sitini bila kuwajua, na hilo linaniuma.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatukulelewa hivyo. Mwulize mzee yeyote wa Morogoro nani alikuwa akicharaza solo Morogoro Jazz. Atakwambia Mbaraka Mwinshehe kabla hujamaliza swali. Kwenye nyimbo za Wakongo tulimjua Dokta Nico kwa mlio wa gitaa lake, hata redio ikiwa na mikwaruzo. Katikati ya wimbo mwimbaji mwenyewe humwita mpiga gitaa kwa jina, ajitokeze, asifiwe, kisha wimbo unaendelea. Sasa mwulize mzee huyo huyo nani alipiga besi kwenye "My Girl" ya The Temptations, wimbo ambao pengine ulipigwa siku ya harusi yake. Hatajua. Wala si kosa lake, maana jalada la santuri halikumwambia.

Basi twende Detroit, mji wa magari, jimbo la Michigan. Berry Gordy aliwahi kufanya kazi ya kuunganisha magari kwenye kiwanda cha Lincoln-Mercury. Mwaka 1959 alikopa dola 800 kwenye mfuko wa akiba wa familia yao, akaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana dunia nzima kama Motown. Akanunua nyumba ya kuishi tu, namba 2648 West Grand Boulevard. Mwenyewe wa zamani alikuwa mpiga picha, na kile chumba chake cha picha kule nyuma kikageuzwa studio. Wapigaji walikiita Shimo la Nyoka, kwa jinsi nyaya zilivyoning'inia kutoka darini. Gordy aliuchukua utaratibu wa kiwandani akauingiza kwenye muziki: huyu anatunga, yule anapanga vyombo, mwingine anaimba, na mwisho kuna kikao cha kukagua wimbo upi utoke na upi ubaki kabatini.

Waimbaji walibadilika kila saa. Leo asubuhi The Supremes, mchana Marvin Gaye, usiku Four Tops. Waliobaki mle chumbani ni wapigaji wale wale. Wengi wao walikuwa watu wa jazi waliokuwa wakipiga usiku kwenye vilabu vya Detroit, na mchana wanakuja kutafuta riziki kwa Gordy. Walijiita The Funk Brothers. Earl Van Dyke kwenye kinanda. Benny Benjamin kwenye drams. Robert White, Eddie Willis na Joe Messina kwenye magitaa. Jack Ashford kwenye tari. Na kwenye besi, James Jamerson.

Naomba tukae kidogo kwa Jamerson.

Alizaliwa mwaka 1936 kule Carolina ya Kusini, akahamia Detroit na mama yake akiwa kijana. Alianza na besi kubwa la mbao, lile la kusimama nalo, na hata alipochukua besi la umeme alilipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kidole cha shahada. Wenzake wakakipa kidole hicho jina la Ndoano. Besi lake la Fender alikuwa habadilishi nyuzi. Aliamini zile nyuzi zilizochakaa ndizo zenye sauti. Na kweli, sauti yake ni nzito, fupi, haina mvumo mrefu, inakaa chini ya wimbo wala haigombani na mwimbaji. Lakini ukiifuatilia yenyewe, utakuta inatembea njia yake. Wapigaji wengi wa besi wa wakati ule walikuwa wakirudia noti mbili tatu na kushika mapigo. Jamerson alikuwa anaimba kwa besi.

Sasa "My Girl". Ilitoka Desemba 1964, na Machi 1965 ikashika namba moja Marekani. Walioitunga ni Smokey Robinson na Ronald White, anayeongoza sauti ni David Ruffin. Hayo yameandikwa. Lakini mnaukumbuka wimbo ule kabla Ruffin hajafungua mdomo? Besi linaanza peke yake. Hakuna drams, hakuna sauti ya mtu, besi tu. Ndilo linalowatoa watu vitini. Kisha linaingia gitaa la Robert White na noti sita, zinapanda moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Hizo sita ndizo mtoto wa shule ya msingi atakuimbia ukimwambia akuimbie wimbo huo, hata kama neno moja la Kiingereza hajui. Baadaye zinakuja fidla, ambazo zilipigwa na watu wa okestra kubwa ya Detroit, na ubeti wa mwisho wimbo unapandishwa ufunguo kidogo. Lakini kazi ilikuwa imeshafanyika kwenye zile sekunde za mwanzo, na walioifanya ni watu wawili ambao jalada halikuwataja.

Kuna habari ya Robert White ambayo wenzake waliisimulia, na imesikika katika filamu iliyotengenezwa juu yao mwaka 2002. Miaka mingi baadaye White alikuwa kwenye mgahawa Los Angeles. Mhudumu amekuja kuchukua oda, na papo hapo "My Girl" ikaanza kwenye spika. White akamwambia kijana, unasikia hiyo? Halafu akajizuia. Akaagiza chakula chake. Mhudumu alipoondoka, White akasema kwamba kijana yule angemwona mzee mpumbavu. Ndugu zangu, mtu aliyepiga gitaa linalojulikana Manila, Lagos na Mwanza aliona haya kusema kwamba ni yeye. Robert White alifariki mwaka 1994.

Kwa nini majina hayakuandikwa? Sababu ni za biashara na hazifichiki. Kampuni haikutaka washindani wajue nani anautengeneza mlio ule, wasije wakawanyang'anya. Pia mpigaji alilipwa ujira wa kazi yake, si mgao wa mauzo. Akimaliza kurekodi, amemaliza. Wimbo ukiuza nakala milioni au ukikaa kabatini, kwake ni sawasawa. Motown ilipofika mwaka 1971 ndipo Marvin Gaye akatoa albamu ya "What's Going On", na ndani ya jalada lake majina ya wapigaji yakaandikwa. Mbele ya jina la Jamerson kukawekwa neno la kumsifu kwamba hana mfano. Wimbo wenyewe unaobeba jina la albamu, Jamerson aliupiga akiwa amelala chali sakafuni, kwa kuwa usiku ule alikuwa hawezi kukaa sawasawa kitini. Pombe ilikuwa imeshaanza kumla. Na alipiga vile mnavyousikia hadi leo.

Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Wapigaji wengi wakabaki Detroit bila kazi, Jamerson akafuata huko magharibi lakini mambo hayakumwendea. Mwaka 1983 Motown ilifanya onyesho kubwa la televisheni la kutimiza miaka 25, lile ambalo Michael Jackson aliteleza kinyumenyume na dunia ikapigwa butwaa. Inasimuliwa kwamba Jamerson aliingia kwa tiketi ya kununua, akaketi kule juu pamoja na watazamaji. Nyimbo zilizopigwa jukwaani nyingi zilikuwa na besi lake. Agosti mwaka huo huo akafariki, ana miaka 47.

Nimekaa kwa Motown makusudi. Lakini Detroit haikuwa peke yake.

Nenda Alabama, sehemu inayoitwa Muscle Shoals, miji midogo kando ya mto Tennessee. Percy Sledge alikuwa mhudumu wa hospitali katika mji wa Sheffield, anaimba na bendi mwishoni mwa wiki. Mwaka 1966 akarekodi "When a Man Loves a Woman", hapo hapo Sheffield. Kinanda kile kinachofungua wimbo, kile kinachowafanya akina mama wafumbe macho, kilipigwa na Spooner Oldham. Drams ni Roger Hawkins. Na kuna jambo lingine. Sledge mwenyewe hakuandikwa kama mtunzi. Haki ya utunzi iliwaendea wenzake wawili wa bendi, Calvin Lewis na Andrew Wright. Wimbo ulifika namba moja Mei 1966, na mwaka 1991 Michael Bolton akaurudia ukafika tena namba moja. Mtu aliyetuliza dunia nzima kwa wimbo huo, fedha za utunzi hakuzipata, mpaka alipofariki mwaka 2015.

Hawkins alikuja kuungana na Barry Beckett, Jimmy Johnson na David Hood, wakafungua studio yao mwaka 1969. Hawa walikuwa Wazungu, vijana wa Alabama, katika jimbo ambalo mtu mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kuketi pamoja mgahawani miaka michache tu nyuma. Na ndio waliokuwa nyuma ya Aretha Franklin na Wilson Pickett. Mwaka 1972 The Staple Singers wakatoa "I'll Take You There", na mpiga besi ni David Hood. Nawaomba mkisikilize vizuri kile kipande cha katikati. Mavis Staples anamwita! Anamwita David kwa jina lake ndani ya wimbo, ajitokeze na besi lake, sawasawa na wanavyofanya waimbaji wetu wa dansi. Nilipoligundua hilo niliurudia wimbo mpaka watu wa nyumbani wakalalamika. Inasemwa pia kwamba Paul Simon aliposikia wimbo huo aliulizia wapigaji wale akidhani ni Wajamaika weusi. Akaelekezwa Alabama, akaenda kurekodi huko.

Los Angeles nako kulikuwa na kundi la wapigaji wa kukodishwa ambao waliitwa The Wrecking Crew. Bendi nyingi mlizoziona kwenye picha za jalada, zimeshika magitaa na kutabasamu, hazikupiga zenyewe. Kwenye "Mr. Tambourine Man" ya The Byrds, mwaka 1965, mwanabendi mmoja tu, Roger McGuinn, ndiye aliyepiga chombo, wenzake wawili waliimba tu. Drams zilipigwa na Hal Blaine. Huyo Hal Blaine ndiye aliyepiga pia mwanzo wa "Be My Baby" ya The Ronettes, na ndiye yuko kwenye "Bridge over Troubled Water" ya Simon na Garfunkel. Piano ya huo wa mwisho ni Larry Knechtel.

Wapenzi wa kantri, najua mpo na mnanisubiri. Ndani ya kundi hilo alikuwemo Glen Campbell, mpiga gitaa kabla hajawa nyota. Na alikuwemo mwanamke, Carol Kaye, mpiga besi, katika kazi iliyojaa wanaume watupu. Campbell aliporekodi "Wichita Lineman" mwaka 1968, zile noti za besi zinazoshuka pale mwanzo ni za Kaye. Na ile solo ya katikati yenye mlio mzito, Campbell aliipiga kwa besi la nyuzi sita aliloazima kwa Kaye pale pale studio. Mimi kila nikiusikia wimbo huo namkumbuka Kaye kabla ya mwimbaji, na sioni kama namkosea heshima Campbell.

Jim Reeves, ambaye majirani zetu wa Kenya wanampenda kama mtu wa kwao, alikuwa akiisogelea maikrofoni na kuimba chini, bila kupaza. "He'll Have to Go" ya mwaka 1959 imeimbwa hivyo, mtu anaongea sikioni mwako. Lakini mtayarishaji wake Chet Atkins ndiye aliyeondoa vyombo vya kantri vyenye kelele akaleta piano na waitikiaji laini, na piano ile ni ya Floyd Cramer. Cramer alikuwa na mtindo wa kugusa noti ya jirani kwanza kisha akateleza kwenye ile aliyoikusudia. Ukishaujua mkono huo, utaukuta kwenye nyimbo chungu nzima za Nashville, mji wa kantri.

Tuvuke bahari sasa. London, mwaka 1967, Procol Harum wakatoa "A Whiter Shade of Pale". Maneno yake ni ya Keith Reid, na hata Waingereza wenyewe wanabishana maana yake. Kilichobaki vichwani mwa watu ni kinanda cha Matthew Fisher. Jalada liliandika watunzi wawili, Gary Brooker na Keith Reid. Fisher alikaa kimya miaka 38. Mwaka 2005 akaenda mahakamani. Mwaka 2006 jaji akasema ni kweli, huyu ni mtunzi mwenza, apewe asilimia 40 ya muziki. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikamwambia umechelewa mno, jina utapata lakini fedha hapana. Fisher hakukata tamaa, akafika mpaka Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza. Julai 2009 wakampa haki yake, kuanzia siku alipofungua kesi. Fedha za miaka ya nyuma zilipotea. Naiheshimu sana hukumu hiyo, kwa kuwa ilikubali kitu ambacho masikio yetu yalikijua tangu mwanzo: kinanda kile ni sehemu ya wimbo wenyewe.

Clare Torry naye alilipwa pauni 30 mwaka 1973 kwa Jumapili moja studio, akawaimbia Pink Floyd "The Great Gig in the Sky" bila neno hata moja, sauti tu, kilio na kuomba. Alishtaki mwaka 2004, wakapatana mwaka uliofuata, na sasa jina lake limo kwenye orodha ya watunzi.

Na Boney M, ambao hakuna harusi ya miaka ya themanini iliyofanyika bila wao. Bobby Farrell, yule mcheza shoo tuliyemwiga miguu, hakuimba kwenye zile santuri. Sauti nzito ya kiume ni ya mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Sauti za kike ni Liz Mitchell na Marcia Barrett. "Rivers of Babylon" iliyotikisa mwaka 1978 ilikuwa ya The Melodians wa Jamaika tangu 1970, na maneno yake mengi yametoka Zaburi ya 137. Simdharau Farrell, alikuwa na kipaji chake na alikibeba jukwaani kwa nguvu zote. Nataka tu Liz Mitchell apate makofi yake.

Boney M hao hao ndio waliochukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Kenya, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison, na "Malaika", ambayo Fadhili William aliitangaza na ambayo wengine, akiwemo Adam Salim, wamedai ni yao. Wageni wengi wanaocheza nyimbo hizo mpaka leo wanadhani zimetoka kwa Boney M. Sisi hilo linatuchoma, na tuna haki ya kuchomwa. Ndiyo maana nasema tusiwafanyie wapigaji wa Detroit na Alabama lile ambalo hatupendi tufanyiwe. Mtangazaji akipiga "My Girl" redioni, mpigieni simu mwombeni ataje Jamerson na White. Mjukuu akiuweka kwenye simu, mwambieni nani anapiga. Na wenye santuri za bendi zetu majumbani, tafadhali andikeni nyuma ya jalada, kwa kalamu ya wino, nani alipiga solo, nani rizimu, nani besi, nani drams, nani tumba. Ninyi mnaojua ndio mliobaki, na wengi wa waliokuwa wanajua tumeshawazika.

Sasa tusikilize. Nimeomba tuanze na "I'll Take You There", na nawaomba kipande cha katikati tusiongee. Ikifuata "My Girl", naomba wale wa viti vya mbele wasianze kuimba mpaka gitaa la White limalize kupanda. Baada ya hapo imbeni mtakavyo. Mwenye swali aniulize wakati fundi anabadilisha sahani. Fundi, tuko tayari.